Muulize Fundi: Bakapu ya 2004 haifunguki

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Nachingwea. Kati ya 2002 na 2004 nilizunguka vijijini na daftari nikiwahoji wazee waliofanya kazi kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza, na kwenye reli iliyokwishang'olewa. Usiku nilikuwa nachapa kwenye laptopu yangu, Toshiba yenye Windows XP. Kijana mmoja akanifanyia bakapu humo humo, akaiweka kwenye CD mbili. Madaftari yameliwa na mchwa. Laptopu ina zaidi ya miaka kumi haijawashwa na chaja imepotea. Mjukuu wangu amezijaribu CD kwenye kompyuta ya kazini kwake. Kila moja ina faili moja kubwa inayoishia na .bkf, na haifunguki kwa lolote. Ameniambia nizitupe tu. Nizitupe?
Mwalimu Mstaafu, Nachingwea

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Usitupe hata boksi la laptopu.

Mjukuu usimgombeze, hakukosea sana. Faili la .bkf si hati. Ni gunia lililoshonwa mdomo, na humo ndani ndimo zilimo hati zako zote. Aliyelishona ni programu iitwayo NTBackup, iliyokuja na Windows XP. Ilipotoka Windows Vista, Microsoft wakaiacha nje, na Windows zote za baadaye hazinayo. Kwa hiyo kompyuta ya mjukuu inaliona gunia, ila mkasi haina.

Mkasi unao wewe, Mwalimu, humo humo kwenye Toshiba. XP ya nyumbani haikuwa inaweka NTBackup yenyewe, ilibidi mtu aitoe kwenye CD ya Windows. Lakini kama bakapu ilifanyiwa kwenye laptopu hiyo, basi yule kijana aliiweka, na bado imo.

Sasa najua unachowaza: kutafuta chaja. Ngoja kwanza. Toshiba nyingi za wakati ule zinataka volti 15, na chaja zilizojaa mitaani leo ni za volti 19. Mdomo unaweza kuingia vizuri kabisa. Mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza hapa Chikongola, Mtwara, niliazima chaja ya jirani nikachomeka laptopu ya mteja bila kusoma maandishi ya chini. Haikutoa hata moshi. Ilizima tu, na nikailipa kwa miezi minne. Tangu hapo nasoma kwanza kile kikaratasi cha chini, hata kama mteja ananiona mshamba.

Na kwa kazi yako chaja haihitajiki. Pindua laptopu, toa betri, fungua kifuniko cha diski, uichomoe diski. Itakuwa ya IDE, aina ya zamani, ile yenye pini 44 nyembamba kama meno ya kitana. Tafuta waya wa kuiunganisha na USB, na umwambie muuzaji wazi kwamba unataka wa IDE, maana wanaouza wengi wana wa SATA tu, aina ya diski iliyokuja baadaye, na hauingii. Ukiiunganisha, sikiliza. Ikivuma taratibu, endelea. Ikigonga tik, tik, tik, chomoa hapo hapo usijaribu mara ya pili.

Kabla ya kugusa kitu kingine, nakili diski nzima kwenye kompyuta. Hata hati zenyewe huenda bado zimo, kwenye folda ya Documents and Settings, chini ya jina ulilokuwa unaingilia. Windows mpya inaweza kukukatalia kuifungua ikidai huna ruhusa. Hapo washa kompyuta kwa Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, iliyo kwenye flashi. Linux haina habari na ruhusa za Windows, itakufungulia.

Ukizikuta hati humo, CD zibaki za akiba. Usipozikuta, ingia kwenye folda ya System32, iliyo ndani ya folda ya Windows ya diski hiyo, uchukue vitu vitatu: ntbackup.exe, ntmsapi.dll na vssapi.dll. Viweke pamoja kwenye folda moja ya kompyuta mpya.

CD nazo zinataka adabu. Hewa yetu ya kusini inaota ukungu mpaka kwenye miwani. Zioshe kwa maji na sabuni kidogo, uzifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Nakili kila .bkf kwenye kompyuta, usijaribu kuifungulia kwenye CD. Ikikwama katikati, jaribu kwenye kisoma CD cha kompyuta nyingine. Kimoja kinaweza kushindwa na cha jirani kikasoma bila shida.

Kisha fungua ntbackup.exe. Italalamika kwamba huduma fulani ya diski za kuhamishika haipo. Bonyeza OK, haihusiki nasi. Nenda upande wa kurejesha, uionyeshe faili lako, isubiri iorodheshe vilivyomo. Pale inapouliza irejeshe wapi, chagua mahali pengine, si pa zamani, kisha tengeneza folda mpya. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Ukiacha pa zamani, faili zitamwagika kwenye folda za kompyuta ya mjukuu, na ukizitafuta utachanganyikiwa.

Hati za Word za miaka ile, zinazoishia na .doc, LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, inazifungua bila kuuliza.

Kama mjukuu ataona mlolongo ni mrefu, leteni kwangu, nitaifanya mkiwa mnatazama. Ila CD hizo asipewe kondakta wa basi. Zikikaa kwenye dashibodi juani mpaka Mtwara zitafika zimejikunja kama chapati.