Gunia la Nzega, stoo ya Mbagala

Tulipohamia Mbagala, mwaka wa kwanza wa ndoa, mama alinitumia gunia la mahindi kwa basi kutoka kwetu Nzega, mkoani Tabora. Gunia la debe sita, limeshonwa mdomo kwa kamba ya katani. Pamoja nalo zilikuja karanga za maganda, furushi la michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, na nsansa kidogo, majani ya kunde yaliyokaushwa, kwenye mfuko wa sukari. Nikajiona tajiri. Majirani wananunua unga nusu kilo nusu kilo dukani kwa Mangi, mimi nina gunia ndani! Nikaliegemeza ukutani kwenye kichumba tulichokiita stoo, chini sakafu ya saruji, nikalifunika kwa kanga kuukuu lisishike vumbi. Hiyo ilikuwa Julai.

Desemba nikalifungua nipeleke debe moja mashineni. Mkono ukazama kwenye unga. Mahindi hayakuwa yamefika mashine yoyote, wadudu walikuwa wameshasaga wenyewe, tena bila kunilipisha. Upande uliogusa ukuta punje zilishikana mabonge, zina rangi ya kijani chafu, na harufu kama ya nguo zilizoanuliwa mbichi zikakunjwa. Nikaleta ungo, nikakaa chini, nikaanza kuchambua. Kwetu chakula hakitupwi.

Jioni nikampigia mama. Hakugomba. Aliuliza tu, "Uliyaanika tena yalipofika?" Nikabaki kimya. Nani anaanika mahindi makavu?

Imenichukua miaka kuelewa lile swali. Nzega mvua zikikata mwezi wa nne au wa tano, ndiyo basi mpaka Novemba. Kihenge cha mama, ghala lake la nafaka, kimeinuliwa juu ya mawe, upepo unapita chini, jua linawaka mwaka mzima. Mimi nilihamisha mahindi nikadhani nimehamisha na hali ya hewa. Dar unaweza kuacha chumvi kwenye kibakuli usiku mmoja ukaikuta asubuhi imelowa. Nafaka nayo inakunywa hewa hiyo hiyo, na saruji inapitisha unyevu kutoka ardhini taratibu, siku baada ya siku. Ndiyo maana nikisoma ushauri wa kubana matumizi jikoni unaoanza na "nunua kwa jumla", huwa nauliza: halafu uweke wapi? Chakula ulichonunua kwa bei ya jumla kikaharibika ni ghali kuliko cha kupima.

Kabla sijafika kwenye sufuria, niseme kuhusu yale mahindi ya kijani, maana hapa ubahili unaua. Nilikuwa nimeshayachambua nusu, nimepanga kuyaosha, kuyaanika na kuyasaga. Dada mmoja jirani yangu, muuguzi, akanikuta. Akaniambia niyamwage yote yaliyoshikana. Ule ukungu unaweza kutoa sumukuvu, na sumukuvu haitoki kwa kuosha, haitoki kwa jua, wala haiishi kwa kupikwa ugali ukaiva namna gani. Kenya, mwaka 2004, watu zaidi ya 100 walikufa kwa mahindi ya namna hiyo, wengi wao Makueni na Kitui. Huku kwetu mwaka 2016 ilikuwa Dodoma na Manyara. Hawakuwa wazembe. Walikuwa watu wasiopenda kutupa chakula, kama mimi na wewe. Nikauliza, basi nimpe kuku? Akasema kuku naye ana ini, na sumu hiyo inaharibu ini. Nikayafukia.

Sasa nifanyavyo. Nafaka yoyote ikiingia nyumbani, iwe ya mama au ya sokoni Tandika, kwanza naipima ukavu kwa chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa. Tia punje mpaka robo yake, tia na kijiko cha chumvi uliyoikausha kwenye kikaango ikapoa. Funika, tikisa dakika mbili tatu, iache robo saa. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, rudisha juani. Chumvi ikianguka yote chini, safi, unaweza kufunga. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo mume wangu aliniuliza kama nimeanza uganga.

Anika juu ya turubai, usianike juu ya udongo, na uanue kabla jua halijazama. Acha ipoe. Ukifunga nafaka ikiwa ya moto, jasho lake litaishia humo humo.

Halafu madumu. Hiki ndicho kitu kilichobadilisha jiko langu, na hakikunigharimu karibu chochote. Madumu ya mafuta ya kula ya lita tano na ya lita ishirini nayaosha kwa maji ya moto na sabuni mpaka mafuta yote yatoke, nayaanika kichwa chini siku mbili, kisha najaza maharage, choroko, kunde au mahindi hadi mdomoni. Hadi mdomoni kweli, nikigonga dumu chini ili punje zishuke, naongeza tena. Mfuniko nakaza, na kama una shaka nao weka kipande cha nailoni katikati. Wadudu waliomo ndani, na huwa wamo hata kama huwaoni, watavuta hewa iliyobaki mpaka iishe, kisha watakufa. Hakuna dawa ya kupuliza. Sharti lake moja: usifungue fungue. Dumu la kutumia liwe dogo, kubwa lisiguswe. Nilikuwa na tabia ya kufungua kila Jumamosi "kuangalia kama wazima", nikawa kila wiki nawaletea wadudu hewa mpya.

Wenye mahindi mengi watumie ile mifuko ya PICS, yenye nailoni mbili ndani na kiroba nje. Kazi yake ni ile ile. Ila iweke juu ya mbao, mbali na ukuta, na uwe na paka, maana panya akitoboa tundu moja umerudi ulipoanza. Na usiseme mahindi yako ni magumu, hayaliwi. Kuna mdudu anaitwa dumuzi aliyeingia Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970 kutoka Amerika, akaanzia huko huko kwetu Tabora. Wazee walimpa jina la Scania, kama lile lori. Mwenye kihenge aliyewahi kumsikia usiku hakuhitaji kuelezwa kwa nini.

Vitu nisivyoweka vingi: unga wa dona, kwa sababu una kiini cha hindi na kiini kina mafuta, unachacha haraka. Nasagisha wa wiki mbili basi. Sembe inavumilia zaidi. Unga wa ngano unapata vijidudu, nikinunua mwingi naulaza kwenye friza siku nne kwanza. Viungo vya kusaga nanunua kiduchu. Karanga naziacha na maganda yake na kumenya za siku hiyo. Yoyote iliyosinyaa au kubadilika rangi inatupwa, usiionje kwanza.

Turudi kwenye sufuria. Maharage ndiyo yanayonilisha familia, na hasara yake kubwa iko kwenye moto kuliko kwenye bei. Nilishawahi kununua maharage ya njano kwa bei ya kutupa, debe zima, nikajisifu nyumba nzima. Yakachemka saa nne. Yalikuwa ya zamani, yameshaingia rangi ya kahawia, na maharage yaliyokaa muda mrefu kwenye joto na unyevu yanakuwa kama kokoto, hata uyaloweke juma zima. Gesi niliyochoma ingenunua mengine mapya. Tangu siku hiyo namuuliza muuzaji "ya lini haya?", na akianza kucheka cheka naondoka. Magadi wengine wanatumia kuyalainisha. Yanalainika kweli, lakini yanakuwa na ladha ya sabuni na vitamini zinaondoka. Sitii.

Naloweka jioni, kilo moja kwa mkupuo. Asubuhi namwaga maji yale, naweka mapya, nachemsha kwa moto mkali kama robo saa hivi. Hapo usifanye haraka, maharage ambayo hayakuchemka vizuri yanaharisha na kutapisha. Baada ya hapo natia sufuria na mfuniko wake ndani ya kapu kubwa la ukili nililotandika blanketi kuukuu, nafunika juu kwa mto, nakwenda kanisani. Narudi, naliinua blanketi na mvuke unanipiga usoni. Nayarudisha motoni yachemke upya, dakika ishirini yameiva. Mtungi wangu wa kilo sita ulikuwa hauvuki wiki ya tatu. Sasa unafika mwezi na siku kadhaa. Mwenye sufuria ya presha hahitaji kapu, namuonea wivu kidogo tu.

Ile kilo moja kavu inatoa zaidi ya kilo mbili zilizoiva. Sehemu ya kwanza tunakula Jumapili hiyo hiyo na wali, nimeyaunga kwa kitunguu, nyanya na nazi. Tui la pili linatangulia, tui la kwanza linakuja mwisho kabisa, moto mdogo, ukikoroga lisikatike. Sehemu ya pili, ambayo haijaungwa, nafunga kwenye friza, na Jumatano inakuwa makande pamoja na mahindi yaliyokobolewa. Ya tatu naiponda na kitunguu swaumu na pilipili hoho, nakunjia kwenye chapati. Watoto ambao Jumapili walisema "mama, maharage tena?" hiyo Ijumaa wanagombea. Sijawahi kuwaambia ni yale yale. Usiwaambie wako pia.

Siku umechelewa na hukuloweka kitu, choroko. Zinaiva bila kulowekwa. Mseto wangu ni kikombe kimoja cha choroko kwa viwili vya chenga. Chenga za mchele ni bei ndogo kuliko mchele wenyewe, na kwa mseto ndizo hasa zinazofaa maana zinavurugika vizuri. Naanza na choroko peke yake mpaka zianze kupasuka na kuonyesha weupe, ndipo naosha chenga na kuziingiza, chumvi, tui jepesi, moto wa chini. Ukauke kidogo, kisha tui zito na kifuniko. Usikwangue ukoko kwa hasira. Mwagia chai ya rangi kidogo, utatoka wenyewe, na yupo mtu kila nyumba anayeusubiri.

Dagaa nao wana hesabu yake. Wa Kigoma ni watamu na bei yao inajulikana, nawanunua sikukuu. Wa Mwanza wengi huanikwa kwenye mchanga, na mchanga huo unauziwa kwa bei ya dagaa. Nakata vichwa, naosha kwa maji ya moto mara tatu, mpaka nikipitisha vidole chini ya beseni nisisikie chembe. Kisha naanika juani siku nzima hata kama dukani walikuwa wakavu, nawakaanga bila mafuta mpaka wakikunjwa wanavunjika, ndipo wanaingia kwenye chupa ya kufunga. Robo kilo hapo inaunga mboga nne: kisamvu, matembele, nyanya chungu, au nsansa niliyoiunga kwa karanga za kutwanga. Hiyo ya mwisho mume wangu, mtu wa Lindi, mwanzo aliiita "majani ya ng'ombe". Sasa ndiye anayeuliza basi la Nzega linaingia lini.

Michembe tunakula asubuhi, imechemshwa na karanga iliyosagwa ikashikana, badala ya mkate. Ukihesabu mkate wa watu sita kwa mwezi utashangaa mwenyewe.

Mwaka jana mama alikuja kunitembelea, mara ya kwanza tangu nihamie. Siku ya pili yake nikamkuta stoo, amechuchumaa mbele ya madumu, anayagonga moja moja kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti. "Mahindi kwenye dumu la mafuta?" Nikamfungulia moja la mwezi wa saba, sisi tulikuwa Februari. Akatia mkono mpaka kwenye kifundo, akatoa konzi, akapuliza, akanusa, akatafuna punje moja. Ikalia ko. Hakusema kitu. Akarudisha zilizobaki, akaangalia mfuniko ndani na nje.

Alipoondoka aliomba madumu manne matupu. Kondakta alitaka kuyalipisha kama mzigo, wakabishana pale stendi mpaka basi likapiga honi.