Maswali na Majibu: Nani Anahesabu Samaki Wetu?

Barua za safari hii karibu zote zimetoka mialoni. Nimefurahi, maana takwimu za uvuvi husemwa sana maofisini na kidogo mno pale mtumbwi unapotia nanga.

Hakuna aliyewahi kupima samaki wangu. Serikali inajuaje Uganda imevua kiasi gani? (Mvuvi, Masese, Jinja)

Mitumbwi yote haipimiki, ndugu yangu, kwa hiyo hufanywa mambo mawili. Kwanza sensa: tangu mwaka 2000, Uganda, Kenya na Tanzania hupita mwalo kwa mwalo kandokando ya Ziwa Viktoria, kila baada ya miaka miwili hivi, kuhesabu wavuvi, mitumbwi, injini, nyavu na ndoana. Pili, mialo michache huchaguliwa na samaki wa mitumbwi kadhaa hupandishwa kwenye mizani. Wastani wa mtumbwi mmoja kwa siku huzidishwa kwa idadi ya mitumbwi ya aina hiyo, kisha kwa siku ambazo huingia majini.

Kwenye hizo siku ndipo hesabu huharibika. Anayevua mukene, yaani dagaa, kwa taa hupumzika mbalamwezi ikiwa kali, kwa sababu taa yake haivuti tena samaki. Karani akija wiki ya giza, akadhani mwezi wote uko hivyo, ataandika samaki ambao hawakuvuliwa kamwe. Basi akikuuliza umeingia ziwani mara ngapi juma lililopita, mwambie kweli. Wengi humdhania askari, na tangu jeshi lianze doria ziwani mwaka 2017 woga huo naelewa unatoka wapi. Lakini mwenye nyavu za macho madogo akificha mavuno yake, wanaokosekana kwenye takwimu ni samaki wachanga, na hao ndio tunaohitaji kuwajua kuliko wote.

Nakausha mukene na kuuza kwa gunia. Kilo zangu huingia vipi? (Mama wa Kalangala)

Mama, takwimu za mavuno hutumia uzito wa samaki mbichi, mzima. Kilo moja ya mukene mkavu hutokana na kilo kama tatu hadi nne za mbichi. Karani akiandika gunia lako lilivyo, bila kuligeuza, sehemu kubwa ya mavuno imepotea kwenye karatasi, na kazi ya wanawake wanaoanika imepotea nayo. Hili linaniuma. Mukene wanaokwenda kusagwa kuwa chakula cha kuku nao ni mavuno, ila wasihesabiwe kama kitoweo cha watu.

Nafuga ngege (sato) kwenye vizimba. Mauzo yangu yote ni pato la taifa? (Mfugaji, Buikwe)

Hapana. Toa kwanza chakula, vifaranga na mafuta ya boti. Kinachobaki ndicho mchango wako. Chakula ndicho gharama kubwa kuliko zote, kwa hiyo mauzo makubwa yanaweza kuficha mchango mdogo.

Mtumbwi wetu ukishusha samaki Kenya, ni wa nani? (Busia)

Wa Uganda. Kanuni ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, hufuata nchi ya chombo, si pwani kinaposhusha. Ziwani mtumbwi hauna bendera ya kuonekana, ndiyo maana nchi hizi zinahitaji kupima kwa utaratibu mmoja, kazi ambayo Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria, lenye makao Jinja, linairatibu.

Viwanda vina rekodi kamili. Kwa nini tusitumie hizo? (Mwanafunzi, Kampala)

Rekodi za viwanda ni nzuri kwa mputa, yaani sangara. Hata hivyo minofu haifiki nusu ya uzito wa samaki mzima, na mabondo, yaani vifuko vya hewa vya samaki, yenye bei kubwa kuliko nyama, huuzwa kwa njia yake. Ukitegemea viwanda peke yake utapotea kabisa Ziwa Albert. Huko, samaki wadogo waitwao muziri na ragoge walipoanza kupimwa mwaloni, ilionekana kwamba hao wadogo ndio sehemu kubwa ya mavuno ya ziwa. Huanikwa, hufungwa kwenye magunia, na wengi huvuka mpaka kwenda Kongo na Sudan Kusini.