Dada, hayo mafuta ya zeituni yaache kwanza, nikusimulie yangu

Juzi usiku nafungua inboksi nakuta dada mmoja wa Mbagala kanitumia picha: chupa ya mafuta ya zeituni, malimao, na pakti ya chumvi ya haluli. Anauliza, "dada nianze kusafisha ini leo au nisubiri wikiendi?" Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana miaka 2 iliyopita hiyo picha ilikuwa yangu.

Sendoff ya mdogo wangu ilikuwa imekaribia na gauni halifungi zipu. Nikawa nakula mara moja tu kwa siku, tango na yai, basi. Miezi 2 nikashusha kilo 14, watu wananisifia, na mimi kichwa kikavimba nikaanza kushauri wenzangu humu humu (posti zile nimezifuta, msizitafute). Sherehe ikapita, yakaanza maumivu chini ya mbavu za kulia yanapanda mpaka begani, hasa nikila chipsi. Kila duka la dawa naambiwa vidonda vya tumbo. Nikameza dawa za vidonda mpaka nikachoka, ndo shosti akaniletea hiyo habari ya kusafisha ini: unakunywa chumvi ya haluli, halafu kikombe kizima cha mafuta ya zeituni na malimao, eti mawe yote yanatoka chooni.

Nikanywa. Asubuhi yakatoka madonge ya kijani, laini, kama njegere. Jamani nilishangilia! Nikapiga picha nikatupia kwenye grupu la familia, shangazi akajibu Alhamdulillah. Nikayaosha matatu nikayaweka kwenye kisosi dirishani nimwonyeshe mume wangu akirudi. Saa nane mchana, na jua la Dar mnalijua, kwenye kisosi kumebaki mafuta tu. Jiwe gani linayeyuka? Akili haikunijia, ilinijia wiki iliyofuata saa tisa usiku nimejikunja kwenye bajaji, macho ya njano.

Altrasaundi ikaonyesha mfuko wa nyongo umejaa mawe, na moja limeteleza limeziba mrija wa nyongo. Dokta, mama mtu mzima asiye na haraka, akanichorea nyuma ya karatasi. Ini linatengeneza asidi za nyongo kutoka kwenye kolesteroli, linazisukuma kwenye vijimfereji vyembamba, na zikipita zinavuta maji nyuma yake, ndo nyongo inatiririka, zaidi ya nusu lita kwa siku. Zikifika kwenye utumbo zinavunjavunja mafuta kama sabuni kwenye sufuria ya pilau. Kazi ikiisha hazimwagwi, mwisho wa utumbo mwembamba zinanyonywa karibu asilimia 95 zinarudi kwenye ini, na safari hiyo ni mara 6 hadi 10 kwa siku. "Ni daladala hizi mwanangu, zinashusha zinageuza. Sasa wewe ulikuwa unasafisha nini?"

Sikuwa na jibu. Asidi hizo hizo ndo zinaishika kolesteroli isigande ndani ya nyongo. Na mfuko unaotunza nyongo hukamuliwa ukila, sasa mimi kwa kushinda njaa haukuwa unakamuliwa, na mwili ulivyoyeyusha mafuta haraka haraka ini likamwaga kolesteroli nyingi kuliko asidi zinavyoweza kuishika, ndo mawe hayo. Kikombe kizima cha mafuta kikaja kuukamua mfuko kwa nguvu, na dokta alisema inawezekana kabisa ndo kilisukuma jiwe mrijani. Na yale madonge yangu? Sabuni, ya mafuta yale yale niliyokunywa.

Jiwe walilitoa kwa mpira uliopita mdomoni, mfuko ukaja kutolewa kwa operesheni. Hela ya kiwanja cha Chanika iliishia hapo, na bado inaniuma.

Kwa hiyo mabinti wenzangu kuleni. Punguzeni mwili ndiyo, lakini taratibu, na mle kwa wakati. Narudia, kwa wakati! Ini halihitaji shampuu. Na wewe dada wa Mbagala, hela ya hiyo chupa ingechangia altrasaundi, nenda kesho usisubiri wikiendi, na ukiona macho yanakuwa ya njano au homa imepanda hata kesho usiisubiri.

Shangazi ile picha hajaifuta mpaka leo. Mtu akilalamika tumbo kwenye grupu, anaituma tena.