Mama anakuja Krismasi, na mbwa analala ndani

Dada, hongera kwa ugeni wa mama. Umeuliza ufanyeje akifika Minneapolis, Marekani, kutoka Moshi, yeye aliyezoea mbwa walale bandani, akakuta wako yuko sebuleni.

Usimtoe mbwa nje. Desemba huko baridi hushuka chini ya sifuri, na chumvi inayomwagwa njiani kuyeyusha barafu huwasha nyayo zake. Mkirudi matembezini mfute kwa maji ya uvuguvugu. Mweleze mama haya kwenye simu kabla hajapanda ndege, asije akashtukia mlangoni. Na mbwa asiingie chumbani kwake wala jikoni anapopika. Heshima hiyo ataiona kwa macho.

Kuhusu imani, sioni mgongano na mbwa kukaa ndani. Mtakatifu Fransisko wa Assisi alipoandaa pango la Noeli kule Greccio, Italia, mwaka 1223, aliweka ng'ombe na punda hai kando ya hori. Nendeni nyote ibada ya mkesha, mbwa abaki nyumbani akiwa ameshatembezwa.

Chakula ndicho kinachonitia hofu zaidi. Wageni kwa ukarimu humtupia mifupa ya kuku iliyopikwa, nayo hupasuka vipande vikali vinavyoweza kutoboa utumbo. Keki yenye zabibu kavu, chokoleti, vitunguu vya pilau: vyote ni sumu kwake. Waambie wageni mapema, watoto hasa, na bandika ukutani namba ya daktari wa wanyama wa dharura kabla ya tarehe 24, maana kliniki nyingi hufungwa sikukuu.