Kabla hujanunua mbegu, ijue ardhi ya uwani kwako

Mtu akiniambia anataka kuanza bustani ya mboga nyumbani, suala lake la kwanza huwa ni mbegu: anunue zipi, za pakti au za kupima, tungule (nyanya) au bamia. Mimi humrudisha nyuma kidogo. Humuuliza ardhi ya uwani kwake ikoje. Kisiwa chetu cha Unguja ni kidogo, lakini mtu wa Mwera na mtu wa Jambiani hawalimi ardhi moja, na ushauri uliomfaa mmoja unaweza kumharibia mwenziwe.

Nimezaliwa Mwera nikaolewa Jambiani, kwa hivyo nimelima kote kuwili. Kule kwetu kuna kinongo, ule udongo mwekundu wenye kina. Ukilima kwa mkono, jembe linazama. Penye kichanga kazi ya kuchimba ni nyepesi, ila maji hupita mara moja na mbolea inaondoka nayo. Mabondeni kwenye mpunga kuna kinamo, udongo wa mfinyanzi, na huko tabu ni maji kutuama hadi mizizi ikaoza. Na huku kusini na mashariki, Makunduchi, Jambiani, Paje mpaka Michamvi, tuko kwenye uwanda: jiwe la matumbawe juu hadi chini, na udongo umejificha kwenye mifuko baina ya mawe.

Kujua ulicho nacho si kazi kubwa. Chimba shimo la kina cha mkono mpaka kiwiko, au mpaka mtaimbo ugonge jiwe. Lijaze maji, yaache yapotee, kisha ulijaze tena uangalie. Yakipotea papo hapo, ardhi yako haina uwezo wa kushika maji na utahitaji samadi na majani kwa wingi. Yakilala humo mpaka kesho yake, inua matuta. Halafu chota udongo wenye unyevu uufinye: ukimwagika ni kichanga, ukifinyangika kama unga wa chapati ni kinamo.

Wenzangu wa uwandani ndio ninaotaka kuzungumza nao zaidi, kwa sababu wengi hukata tamaa bure. Nilipofika Jambiani, mama mkwe wangu aliniona nimeshika mtaimbo nataka kuvunja jiwe. Akanambia, "Mwanangu, hapa hatulimi jiwe, tunatafuta mfuko." Akanionesha mpapai uliojiotea wenyewe pembeni ya ukuta: pale ndipo penye udongo. Mimea mikubwa kama bilingani, pilipili na mronge ipelekee kwenye mifuko hiyo. Mboga za majani zijengee tuta la juu ya jiwe.

Tuta hilo halina gharama, maana mawe tunayo tele. Panga mawe uzunguke eneo la upana wa mita 1, na lisizidi sana hapo, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga ndani. Udongo uliokanyagwa hushindwa kupumua. Urefu ni upendavyo. Kina cha sentimita 30 kinatosha mboga nyingi, na mchicha hata 20 zinamtosha. Chini kabisa panga makumbi ya nazi, upande wenye nyuzi ukitazama juu, yakae yanashika maji. Yasiwe yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya usumba, zile nyuzi za kusokotea kamba. Yale yameshiba chumvi. Juu yake tia majani makavu, kisha mchanganyiko wa udongo ndoo 2 kwa samadi ndoo 1. Mwagia maji, liache likae wiki 2 au 3 lishuke, kisha uongeze.

Samadi iwe ya zamani. Ukitia mkono ndani ukahisi joto, bado. Ya kuku ni kali zaidi na inataka miezi 2 au 3 ya kukaa, iloweshwe na kugeuzwa, kabla haijakaribia mche wowote. Mwani unaotupwa na bahari nao ni mbolea nzuri, lakini urundike nje mvua ya masika iuoshe kwanza.

Sasa jambo ambalo silisikii likisemwa, nami naliona kila uwani ninapoingia: majivu. Kila mtu huambiwa atie majivu, yanarutubisha, yanafukuza wadudu. Kwenye kinongo, kiasi kidogo hakina neno. Uwandani ni balaa. Jiwe la matumbawe ni chokaa, na majivu yanaisukuma ardhi upande ule ule wa chokaa. Ardhi ikizidi hapo, madini ya chuma yaliyomo hujifunga, mmea hauyapati hata kama yapo. Utaona majani machanga ya juu yanageuka manjano huku mishipa yake imebaki kijani. Watu wakiona hivyo huongeza majivu. Tafadhali yaache. Dawa yake ni samadi na majani yaliyooza, tena na tena, msimu hata msimu.

Maji nayo yaonje. Visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi, na mmea unaisikia kabla ya ulimi wako. Maharage na karoti haziwezi kabisa. Mchicha una ustahamilivu zaidi. Mwenye paa la bati asiache mvua ipotee: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hivyo paa la mita za mraba 40 likinyeshewa milimita 25 linateremsha lita 1,000. Hata ukidaka robo yake kwenye mapipa, si haba. Na maji ya nyumbani yasiyo na sabuni yana kazi: yaliyooshea mchele, yaliyooshea mboga, na ya udhu. Mimi tuta langu la matembele liko pale pale tunapotilia udhu, na hata kaskazi likiwa kali halijawahi kukauka. Mwagilia asubuhi mapema au baada ya alasiri, na ufunike udongo kwa makuti makavu au majani ya mgomba. Kwa jua letu, kulifunika tuta kunasaidia kuliko kuongeza ndoo.

Mbegu sasa. Anza na kile ambacho chungu chako hukitaka kila wiki. Mchicha kwanza: mbegu zake ni ndogo mno, zichanganye na mchanga mkavu ndipo umwage, la sivyo zitaota pahala pamoja. Wiki 3 mpaka 4 unakula. Ukate, usiung'oe, uache shina la kama sentimita 10 lichipue tena. Matembele hayataki mbegu. Omba marando kwa jirani, kata ya sentimita 30, fukia theluthi mbili. Bamia ziroweke usiku mmoja, zipishane nusu mita, na zikianza kuzaa baada ya kama miezi 2 zichume kila baada ya siku moja, kwani bamia ikikomaa huwa kuni na mti huacha kuzaa. Kisamvu kipande pembeni, kivuli chake kisilifunike tuta.

Tungule ziweke nyuma. Najua bei inavyopanda, maana nyingi zinavuka bahari kutoka bara, na kila mtu anataka zake. Lakini tungule zina mnyauko, zina kantangaze, kiwavi anayechimba majani na matunda, zina minyoo ya mizizi. Zinataka mkono uliokwisha kuzoea. Ukifika wakati wake, zipande kipupwe, Juni hadi Agosti, joto likipungua, na si pahala palipotoka bilingani au pilipili, kwa sababu ni ukoo mmoja na maradhi yao ni mamoja.

Kuku na mbuzi watakushinda kabla ya mdudu yeyote. Tuta likiwa tayari, zungushia uwa siku hiyo hiyo, kabla mbegu haijashuka. Wavuvi wana nyavu kuukuu wasizozitumia. Ukiomba kwa adabu hupewa, na juu ya vijiti vya mkandaa zinadumu. Vidukari wakianza chini ya majani, rusha maji yenye sabuni kidogo. Majani ya mwarubaini yaliyotwangwa, yakarowekwa usiku kucha na kuchujwa, nayo yanafaa, ila yapigwe jioni. Ukipiga juani unaunguza majani. Konokono hakuna ila kuwaokota usiku kwa tochi. Ukiona ugonjwa usioutambua, kata jani umpelekee bibi shamba au bwana shamba wa wilaya yako. Kizimbani nako kuna chuo cha kilimo na watafiti, na hakuna ubaya kwenda kuuliza.

Kwa anayeanza, vuli ndiyo nzuri. Masika mvua ni kubwa, inafukua mbegu na kupiga miche, na kaskazi jua halimhurumii mche mchanga. Kwa hivyo kama unasoma haya Agosti au Septemba, mbegu bado. Kusanya mawe, omba makumbi, tafuta mwenye ng'ombe akuuzie samadi ya zamani, panga tuta moja tu na ulifunike. Mvua za Oktoba zikianza, mwaga mchicha nusu ya tuta, na nusu ya pili baada ya wiki 2, usije ukavuna wote kwa mpigo. Wacha miche mitatu minne iliyonona itoe mbegu. Ikikauka ipukutishe juu ya gazeti, ianike kivulini, itie kwenye chupa yenye kifuniko, na uandike mwezi.