Barua kwa mwanangu: siumwi popote, nikapime nini?

Mwanangu Mwanaisha,

Waaleikum salaam. Huku Mikindani wote wazima, na baba yako anakusalimu. Swali lako la juzi nimeliweka hadi leo kwa sababu si la kujibiwa kwenye simu huku wajukuu zangu wamekukalia mapajani. Uliandika: "Mama, siku hizi nakula vizuri, soda nimeacha, jioni natembea, na siumwi popote. Sasa hiyo saratani ya mlango wa kizazi mnayotuhimiza tupime, mimi nikapime nini? Na wewe ulishawahi kupima?"

Nianze na la mwisho. Nilipima, tena zaidi ya mara moja, nikiwa bado kazini. Miaka yote niliyokaa kliniki ya mama na mtoto nimewapima wenzio wengi, ingekuwa ajabu mwenyewe nikikimbie kile kitanda. Na wewe nenda. Una miaka 33, na huduma hii hapa nchini inawalenga hasa wanawake wa miaka 30 hadi 50. Anayeishi na VVU huanza mapema zaidi na hurudi mara nyingi zaidi.

Hilo la kutoumwa ndilo linalonifanya niandike kwa kirefu. Saratani hii chanzo chake ni kirusi cha papiloma, kile tunachokiita HPV. Kinaambukizwa kwa kujamiiana, na kimeenea mno: karibu kila mtu aliyewahi kuwa na mwenza hukipata wakati fulani. Kwa wengi mwili hukiondoa wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili, mtu hata hajui. Kwa wachache kinang'ang'ania, na kikishang'ang'ania kinaanza kubadilisha chembe za pale mlangoni, polepole. Kutoka hapo hadi saratani kamili, kwa mwanamke mwenye kinga nzuri ni miaka 15 hadi 20; kwa mwenye kinga dhaifu, kama VVU isiyotibiwa, ni miaka 5 hadi 10. Muda wote huo huumwi. Hutoki damu, hupungui mwili, unaenda kazini, na kwenye shughuli unacheza kama wenzio. Dalili zikija, yaani damu baada ya tendo la ndoa, damu kati ya hedhi moja na nyingine, damu kwa mama aliyekwisha koma hedhi, au uchafu wenye harufu, mara nyingi ugonjwa umeshakomaa. Baba yako na mikorosho yake unamjua: salfa anapuliza maua yanapochomoza, hangoji ubwiri unga uyafunike.

Kirusi hicho hakiulizi jana ulikula nini. Mchicha hauking'oi, wala kutembea jioni hakukifukuzi. Chakula na mazoezi vina kazi yake kubwa, nitaifikia, lakini kazi ya kutazama pale mlangoni hakuna kinachoifanya isipokuwa kutazama.

Sasa kipimo chenyewe, maana nakujua, unachokiogopa ni kitanda. Unalala chali, magoti juu, umejifunika kanga. Mhudumu anaingiza spekula, kile kifaa chenye midomo miwili, taratibu. Ukikaza mapaja kinauma; ukishusha pumzi unahisi kusukumwa tu. Anaelekeza taa, anasafisha kwa pamba, halafu anapaka siki. Siki kweli, ya ukali wa asilimia 3 hadi 5, haina tofauti kubwa na ya kwenye kachumbari. Inachoma kidogo. Anangoja dakika moja nzima, na wengi hapo ndipo wanapoanza kuniuliza habari za watoto wangu, kwa woga. Mlango wenye afya unabaki na rangi yake ya waridi. Penye chembe zilizobadilika panageuka peupe, peupe pa kuonekana, kingo zake zimejichora. Basi. Unavaa nguo na jibu unalo mkononi. Pakiwa safi, unarudi baada ya miaka 3.

Siku hizi kuna pia kipimo cha kutafuta kirusi chenyewe, na sampuli mwanamke anaweza kujichukulia mwenyewe kwa kijiti cha pamba. Shirika la Afya Duniani linakipendelea hicho kwa kuwa ni makini zaidi. Ukikikuta hapo Dar, kichukue, lakini usiahirishe mwaka mzima ukikitafuta wakati kituo cha jirani kina siki na mhudumu anayejua kutazama.

Wakiona peupe usianguke. Peupe si saratani. Ni chembe zilizobadilika, ambazo baadaye huenda zikawa saratani, na zinaondolewa kwa kugandishwa kwa gesi au kwa kuunguzwa kwa kifaa cha joto. Ni dakika chache, hulazwi, na pakiwa na kifaa unatibiwa siku hiyo hiyo. Mama yako mdogo wa Newala alifanyiwa hivyo, akarudi kwake kwa bodaboda, ingawa hiyo bodaboda mimi nisingemruhusu. Baadaye utatokwa majimaji kwa wiki kadhaa, na tendo la ndoa unalipumzisha kama mwezi. Pakionekana pakubwa au pana shaka, wanachukua kinyama kipelekwe maabara.

Na jambo moja la chumbani. Ukiambiwa una HPV, usirudi nyumbani ukamkunje mumeo shati. Kirusi hiki kinaweza kukaa kimya miaka mingi, na hakuna daktari awezaye kukwambia kiliingia lini wala kimetoka kwa nani. Nimeona ndoa ikitikisika kwa jambo ambalo halikuwa na ushahidi wowote.

Ninavyosisitiza hivi, nina picha za upande wa pili. Saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, ya matiti inafuata, na wagonjwa wengi wanafika hospitali ikiwa hatua ya tatu au ya nne. Zamani mgonjwa wa Mtwara akiandikiwa Ocean Road, ile hospitali ya saratani ya Dar, kwa ajili ya mionzi, safari yenyewe ilikuwa ugonjwa mwingine. Daraja la Mkapa, la kuvuka Mto Rufiji, lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo ni kusubiri kivuko Rufiji, na masika njia ilikuwa tope tupu. Wengine walikuwa wanauza mikorosho kwanza ili wapate nauli na pesa ya kukaa Dar wiki zote za matibabu. Sasa lami ipo, hospitali ya Ligula hapa Mtwara ipo, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini tumejengewa hapa Mitengo. Lakini mionzi haipendezi hata ukiifuata kwa lami.

Haya, chakula. Usije ukadhani nakidharau. Umesema unakunywa juisi ya kijani ya "kusafisha mwili", chupa moja kwa pesa ambayo huku nanunulia mbaazi za wiki. Iache. Hakuna juisi inayosafisha saratani. Kula mbaazi za nazi, kunde, choroko, kisamvu, matembele, mlenda, samaki wa kuchoma, na embe zikiwa msimu. Ukipata mtu anayetoka huku akuletee ming'oko. Wataalamu wanataka mboga na matunda gramu 400 kwa siku, ambayo ni kama viganja vitano vilivyojaa, na utumbo mpana unashukuru zile nyuzinyuzi. Ugali usiukatae, upunguze tu, mboga ndiyo ijaze sahani. Zile soseji wajukuu zangu wanazonunuliwa kila jioni barabarani, mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliziweka, pamoja na nyama nyingine za kusindika, kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani, hasa ya utumbo mpana. Mara moja moja kwenye sherehe sisemi. Kila jioni nasema. Soda umeacha, Mungu akubariki. Chupa moja ile ina sukari karibu vijiko tisa vya chai. Pombe huinywi, kwa hiyo hilo nampelekea mjomba wako, anayedhani ya mabibo haina madhara kwa kuwa imetoka shambani. Pombe ni pombe, inachangia saratani ya ini, ya koo na ya matiti.

Kuna jambo la chakula ambalo watu wa mjini hamlitazami, nalo ni sumukuvu. Karanga na mahindi yakivunwa yakaanikwa chini kwenye udongo, au yakafungiwa magunia na unyevu wake, yanaota kuvu lenye kutoa sumu, na sumu hiyo ikiliwa miaka nenda rudi inaleta saratani ya ini. Kukaanga hakuimalizi, kuchemsha hakuimalizi. Ndiyo maana mimi karanga nazimwaga kwenye ungo, juani, nazipitia kwa kidole. Iliyonyauka naitupa. Yenye ukungu wa kijani au wa njano naitupa. Iliyopasuka, iliyotobolewa na wadudu, iliyobadilika rangi, naitupa, wala siwapi kuku. Ukitafuna ukakuta uchungu, tema. Shangazi yako ananiambia ninachezea mali. Na ukinunua karanga za kusagwa sokoni, hujui zilikuwa za namna gani kabla ya kinu. Hapo ndipo pabaya zaidi, kwa sababu zile mbovu ndizo rahisi kufichwa kwenye unga. Nunua nzima, chambua mwenyewe, kasage.

Sumukuvu ikimkuta mtu mwenye homa ya ini B, hatari ya saratani inapanda sana. Chanjo ya homa hiyo iliingia kwenye chanjo za watoto wachanga hapa nchini mwaka 2002. Wewe wakati huo ulikuwa shuleni tayari, hukuipata. Siku utakayoenda kupima, omba na kipimo cha damu cha homa ya ini B. Ukiwa huna, wachanje. Ukiwa nayo, wakufuatilie. Wapo wanaoishi nayo vizuri miaka yote kwa kuwa wanajua.

Mazoezi sina maneno mengi. Dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka, kiasi kwamba unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Hilo la kulipia jimu ni uamuzi wako na mumeo, mwili hautambui risiti. Kilicho muhimu ni kwamba umekaa kwenye kiti cha ofisi kuanzia asubuhi, kisha kwenye daladala, kisha kwenye kochi. Shuka kituo kimoja kabla. Unene wa tumboni unaongeza hatari ya saratani kadhaa, ikiwemo ya matiti baada ya kukoma hedhi, achilia mbali sukari na presha.

Matiti: kwa umri wako, kama huna historia kwenye ukoo na huna dalili, picha ya mamogramu si ya lazima sasa. Yajue tu yalivyo, na mhudumu ayakague siku hiyo hiyo. Ukiona uvimbe usiouma, ngozi imebonyea au imekuwa kama ganda la chungwa, chuchu imeingia ndani ghafla, au damu inatoka, usiulize kundi la wanawake wenzio. Wanaosema kisichouma hakina neno wamewachelewesha wengi.

Baba yako umeniuliza pia. Tezi dume kwa wanaume wa rika lake hupimwa kwa damu, na daktari anaweza kuongeza kipimo cha kidole, njia ya haja kubwa. Damu alikubali, kidole akasema ana safari ya shamba. Majibu ya damu yalitoka vizuri, kwa hiyo daktari hakumng'ang'ania, na mimi nimenyamaza kwa sasa.

La mwisho ni mjukuu wangu Rukia. Ana miaka 10, yumo. Chanjo ya HPV ilianza nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, kisha mwaka 2024 ikafunguliwa kwa wa miaka 9 hadi 14, dozi moja tu. Inafaa zaidi akipewa sasa, kabla hajakutana na kirusi. Hayo uliyosikia kwamba inafunga uzazi tuliyasikia huku pia, na kabla ya hapo tuliyasikia juu ya pepopunda, na wale waliochanjwa pepopunda leo ni mama zenu na nyinyi ndio watoto wao. Wauguzi wakija shuleni, mwache achanjwe. Wasipokuja, mpeleke kituo cha afya wewe mwenyewe. Na akishachanjwa, ukubwani bado atapima, kwa kuwa chanjo haizuii aina zote za kirusi.

Chagua siku ambayo huko hedhini, na siku mbili kabla usijisafishe ndani kwa kitu chochote, wala usikutane na mumeo. Vituo vya serikali kwa kawaida hawatozi kipimo cha siki, lakini uliza siku gani ya wiki wanapima, maana si kila siku. Ukiona aibu, mchukue yule jirani yako mwalimu muende wote. Naye amefika umri.

Karanga na ufuta nimempa kijana wa basi la alfajiri, jioni yuko Mbagala. Namba yake nimekutumia. Karanga zimo kwenye mfuko wenye kamba ya bluu, zimechambuliwa.

Mama yako.