Fisha zinazunguka ukutani: breketi ya runinga kwenye nyumba ya tofali za kuchoma

SWALI

Fundi, habari za kazi. Niko Uyole, Mbeya. Tumenunua runinga ya inchi 43 pamoja na breketi ya mkono, ile unayoivuta nje na kuigeuza. Kijana aliyekuja kuifunga alitoboa matundu manne. Mawili yamemomonyoka, unatoka unga tu, na fisha, vile vibomba vya plastiki vya kushikia skrubu, zinazunguka pamoja na skrubu. Anasema atapanua matundu aweke fisha kubwa zaidi, au apigilie vigingi vya mbao. Nyumba ni ya tofali za kuchoma, imepigwa lipu. Nimruhusu?

JIBU

Usimruhusu, dada yangu. Si kwenye matundu hayohayo.

Fisha hushika kwa kujitanua. Skrubu ikiingia, ile plastiki inavimba na kubana kuta za tundu. Kuta zenyewe zikiwa unga, fisha kubwa itasukuma unga mwingi zaidi, kisha itazunguka kama hizi zilizopo. Kigingi cha mbao ndicho ninachokiogopa kuliko vyote, kwa sababu siku ya kwanza kinashika vizuri sana. Ukikipigilia mwezi wa tatu, mbao ina unyevu wa mvua. Ikifika Agosti, upepo mkavu wa huko kwenu umeshaikausha, imesinyaa, na skrubu unaichomoa kwa vidole. Runinga hapo imeshazoeleka ukutani, watoto wanacheza chini yake, na hakuna anayeitazama tena breketi.

Tatizo lako ni ukuta, na ukuta unasomeka. Mwambie kijana achukue biti ya ukuta ya milimita 6, azime kabisa mtindo wa kugonga kwenye drili, abaki na kuzunguka tu. Tofali la kuchoma ukiligonga na drili linapasuka ndani kabla hujajua, na ninahisi hapo ndipo matundu yenu mawili yalipoharibikia. Atoboe tundu la majaribio, polepole, mahali patakapofunikwa na runinga. Wewe shika karatasi nyeupe iliyokunjwa chini ya tundu na uangalie kinachodondoka.

Kwanza utaona unga wa kijivu. Hiyo ni lipu. Kisha rangi inageuka nyekundu na biti inaanza kukaza: mmefika kwenye tofali. Hapohapo afunge utepe kwenye biti, apime. Umbali huo ndio unene wa lipu yenu, na kwa tofali zilizofyatuliwa kwa mkono, ambazo hazilingani, mara nyingi utakuta sentimita 2 na nusu hadi 3. Ikiwa baada ya kijivu unakuja udongo wa kahawia na biti inazama bila kusumbuka, ameingia kwenye maungio. Nyumba nyingi za huku zimejengwa kwa tope katikati ya matofali, saruji ikaja kwenye lipu tu, na tope halishiki fisha ya ukubwa wowote. Asogee sentimita 4 juu au chini, ajaribu tena.

Kuna na jambo la tanuru. Tofali lililokaa katikati ya moto limeiva, ni jekundu la kukoza na ukiligonga linalia. Lililokaa pembezoni halikuiva, rangi yake imepauka, na ukilikwaruza kwa ufunguo linachimbika. Yote mawili yanaingia kwenye ukuta mmoja, na lipu inayaficha. Kwa hiyo usishangae tundu moja likishika na la jirani yake likimomonyoka.

Sasa angalia skrubu zilizokuja na breketi. Pima urefu. Nyingi ni za sentimita 5 au 6. Lipu ikila sentimita 3, tofali linabaki na kipande kidogo mno. Niliwahi kuitwa Kihesa, Iringa, runinga ya inchi 50 imeanguka usiku. Breketi nilikuta imekamata bamba la lipu pana kama sinia, fisha zote nne zimo humohumo, na nyuma yake tofali halina hata mkwaruzo. Aliyefunga alikaza vizuri tu. Alikaza kwenye lipu.

Kama majaribio yanaonyesha tofali lililoiva, tumieni fisha za milimita 10 zilizo ndefu, zizamishwe mpaka zipite lipu yote, na skrubu nene za milimita 8 zenye urefu wa sentimita 10. Unga upulizwe utoke tunduni kabla fisha haijaingia.

Kama tofali ni laini, tandazeni mzigo. Nunua kipande cha plaiwudi ya milimita 18, sentimita 70 kwa 45. Runinga ya inchi 43 ina upana wa karibu sentimita 95 na kimo cha sentimita 54, kwa hiyo itakifunika chote. Bolti za breketi zipitishwe kutoka nyuma ya plaiwudi kabla haijapanda ukutani, kisha plaiwudi ifungwe kwa skrubu nane au kumi, kila moja kwenye tofali lililojaribiwa kwa karatasi. Tofali moja likichoka, mengine yamebaki. Na kama upande wa pili wa ukuta ni chumba chenu wenyewe, njia imara kuliko zote ni bolti ndefu zinazotokeza kule na kukazwa kwenye bamba la chuma. Haipendezi chumbani, lakini haitoki.

Kuhusu breketi ya mkono, ningekushauri uibadilishe upate ile bapa. Runinga yako ina uzito wa kilo 7 hadi 10. Tuseme 8. Mkono ukiuvuta sentimita 40 nje, na bolti za juu na za chini zikiwa zimeachana sentimita 20, bolti za juu zinavutwa kutoka ukutani kwa nguvu ya kilo 16, mara mbili ya runinga yenyewe. Breketi bapa inaiweka runinga sentimita 5 tu kutoka ukutani, na mvuto huo unashuka hadi kilo 2. Kwenye tofali zako, tofauti hiyo ni kubwa sana.

Breketi bapa nyingi zina skrubu ndogo za kufungia kwa chini, zinazozuia runinga isiruke kwenye reli yake. Mafundi wengi huziacha kwenye mfuko. Mbeya iko ndani ya Bonde la Ufa na ardhi yetu hutikisika mara kwa mara, kwa hiyo zifungwe.

Urefu: kaeni kwenye kochi, katikati ya kioo pawe usawa wa macho, kama sentimita 105 kutoka sakafuni. Msitoboe juu wala chini ya soketi kwa mstari ulionyooka, nyaya hupita humo. Msichague sehemu mnapoweka jiko la mkaa wakati wa baridi ya Juni, wala ukuta wa nje unaopigwa na mvua. Radi zikianza mwezi wa kumi na moja, chomoa plagi ya umeme na waya wa dishi, kwa hiyo soketi iwe mahali mkono unapofika runinga ikiwa ukutani.

Matundu mabovu yasafishwe, yaloweshwe maji, yajazwe saruji moja kwa mchanga tatu, na yasitumike tena. Breketi ikishafungwa, kabla ya kutundika runinga, mwambie kijana aishike kwa mikono miwili aivute chini na nje kwa nguvu zake, wewe ukitazama pembeni ya bamba. Ukiona hata unga kidogo unadondoka, ifunguliwe.